Nimeacha kubeti ila wikiendi inanitesa, naombeni ushauri

Kimya_Kingi: Wakuu habari za muda huu. Mimi ni mhanga wa mikeka. Nimeacha, programu zote nimefuta kwenye simu, na siku za kazi niko poa kabisa. Shida ni Ijumaa jioni. Nikiona tu ratiba ya mechi viganja vinatoka jasho, usiku silali. Mlioweza kuacha mlitumia mbinu gani? Matusi sitaki.

Mzee wa Busati: Oa.

Kimya_Kingi: Nimeoa mkuu.

Mzee wa Busati: Basi tatizo tumeshalipata.

Nuru ya Jioni: Pole kaka. Hamu haidumu. Inapanda, inafika kileleni, inashuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, ilimradi usiilishe. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafundisha wagonjwa wake kuichukulia kama wimbi: hupigani nalo, unaelea mpaka lipite. Ikikushika jikague: una njaa, una hasira, uko mpweke au umechoka? Maliza hilo kwanza. Zuia jumbe za kampuni za kubeti, na hela mkabidhi mkeo mapema, maana kubishana na hamu huku una salio ni kujitafutia kushindwa. Swali: ratiba unaionea wapi kama umefuta kila kitu?

Kimya_Kingi: Asante sana dada. Ratiba ziko kila mahali, hazikwepeki.

Babu Kauli: Vijana tamaa imewazidi. Fanyeni kazi, ombeni Mungu. Hakuna ugonjwa hapo.

Kijukuu: Shikamoo mzee. Si tamaa kila mara. Baba yangu mkubwa hakuwahi kugusa hata karata. Akaanzishiwa dawa ya Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, zile zinazoiga kazi ya kemikali ya dopamini ubongoni, ghafla anabeti usiku kucha. Daktari alipombadilishia dawa, akaacha. Hadi leo ukimwonyesha zile risiti anauliza ni za nani.

Babu Kauli: Marahaba. Huyo alikuwa na siri yake.

Nuru ya Jioni: Kimya_Kingi, swali langu umeliruka. Ratiba unaionea wapi?

Kimya_Kingi: Haya, niseme. Nina kundi, kila Ijumaa nawapangia watu mikeka, wananipoza kidogo. Ila hela yangu haiingii hata senti! Mimi nachambua tu. Na kuna jamaa tumeshakubaliana kulipanua, kompyuta ameshanunua. Siwezi kumwangusha.

Nuru ya Jioni: Ndiyo maana hulali! Ubongo hauulizi hela ni ya nani. Timu saba zimetiki, ya nane inakuchania mkeka dakika za majeruhi: umekosa, lakini kichwani kunawaka karibu kama umeshinda, na unataka tena. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilipotoa toleo la 5 la mwongozo wake wa magonjwa ya akili, uraibu wa kamari uliwekwa kundi moja na pombe na dawa za kulevya. Hakuna unachomeza wala kuvuta, na bado uko humo. Wewe kila Ijumaa unajipeleka mwenyewe.

Kimya_Kingi: Dada umenishukia. Lakini hii ni kazi kama kazi nyingine, wanangu watakula nini? Halafu nikiwa sina hela yangu ndani nachambua kwa utulivu. Juzi mikeka imetiki mfululizo.

Kibatari: Simameni hapo hapo. Hii CHAI. Mtu anaomba ushauri wa kuacha huku anatangaza mikeka iliyotiki? Akaunti yenyewe mpya. Subirini kiungo cha kundi, anatafuta wateja huyu.

Kimya_Kingi: Naapa si tangazo. Hata jina la kundi sijataja.

Mzee wa Busati: Litaje basi.

Chapakazi: Utani pembeni, imetiki mfululizo kweli? Mkuu nakuja inboksi.

Kijukuu: 😂😂 Nimeshindwa.

Nuru ya Jioni: Chai au si chai, kuna anayesoma hapa yuko hivyo hivyo. Kaka, mkeo analijua hilo kundi?

Kimya_Kingi: Anajua niliacha.

Nuru ya Jioni: Sijauliza hivyo.

Kibatari: Nilisema mimi.

Chapakazi: Mkuu, mbona inboksi umeifunga?