Nimejitaja mwenyewe pointi 3, halmashauri ikaniweka nje wiki 5. Wenye beji Uingereza, someni

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni tangu mwezi uliopita na leo nalitoa lote. Linawahusu ndugu zetu wanaoendesha magari ya abiria ya kuagiza kwa simu huku Uingereza, wale wenye beji ya halmashauri, yaani leseni ya kubeba abiria. Kama una mtu wako anafanya kazi hii, mpelekee.

Mwaka jana nilipigwa tochi. Maili 37 kwenye barabara ya maili 30, saa kumi na moja alfajiri, abiria anawahi ndege. Kosa ni langu, sibishi. Barua ya polisi ikafika nyumbani, nikajaza kwamba dereva ni mimi, nikalipa pauni 100, nikala pointi 3 za adhabu kwenye leseni ya udereva, ile SP30, msimbo wa kosa la mwendokasi ambao kila dereva huku anaujua. Mwenzangu alinaswa na kamera hiyohiyo wiki hiyohiyo, ila yeye akapewa kozi ya mwendokasi kwa kuwa hakuwa ameihudhuria ndani ya miaka 3. Mimi yangu nilishaitumia. Kwa hiyo yeye hana pointi na halmashauri yake haimdai chochote. Hapo sina neno, ndio utaratibu.

Mimi nimekulia Tanzania. Kwetu ukipigwa tochi unapewa namba ya malipo, unalipa 30,000 yako, umemalizana na serikali. Nikajua na huku nimemalizana nao.

Beji yangu ni ya miaka 3, muda ukafika wa kuihuisha. Wanaoifanya kazi hii wanajua mlolongo wake: ukaguzi wa rekodi za jinai, cheti cha daktari, namba ya kodi kutoka HMRC, mamlaka ya mapato ya huku, haki ya kufanya kazi, na ule msimbo wa DVLA, wakala wa leseni za udereva, wa herufi na namba unaowapa ili wafungue rekodi yako ya leseni waone kila kitu. Kwenye fomu kuna swali: je, umetiwa hatiani kwa kosa lolote, yakiwemo ya barabarani, tangu ombi lako la mwisho? Nikasita. Mimi sijasimama mbele ya hakimu yeyote. Nimelipa faini ya papo kwa papo tu. Lakini nikajiambia, bora niseme. Nikaandika kosa, tarehe na pointi. Hakuna aliyenilazimisha.

Wiki ya pili nikapata barua ya kuitwa kwenye mahojiano. Swali halikuwa kwa nini ulikimbiza gari. Swali lilikuwa: kwa nini hukututaarifu ndani ya saa 48? Yule mama wa ofisini akaniambia kwamba kutotaarifu kunatia shaka uaminifu wangu, na kama uaminifu una shaka basi wanapaswa kujiuliza kama nafaa kupewa beji. Uaminifu wangu, jamani! Karatasi anayoisoma nimeijaza mimi kwa mkono wangu!

Nimeitafuta hiyo saa 48 nikaikuta. Ipo kwenye miongozo ya Wizara ya Uchukuzi ya Julai 2020 kwa ajili ya halmashauri za Uingereza na Wales. Inasema mwenye leseni ataarifu ndani ya saa 48 akikamatwa na kuachiwa, akishtakiwa au akitiwa hatiani, na makosa ya barabarani yamo. Sasa nisaidieni. Mtu aliyepigwa picha na kamera kakamatwa lini? Kashtakiwa lini? Hizo saa zinaanza siku ya picha, wakati barua yenyewe inaweza kuchukua hadi siku 14 kunifikia? Zinaanza siku ya barua? Siku niliyolipa? Au siku pointi zilipoingia kwenye rekodi? Niliuliza palepale kwenye mahojiano. Nikajibiwa nisome masharti ya beji. Nimeyasoma, hayasemi. Na isitoshe kila halmashauri ina sera yake: nyingine saa 48, nyingine siku kadhaa, nyingine zimeandika wazi kabisa kwamba faini ya papo kwa papo nayo itajwe. Hizo nazisifu. Mstari mmoja tu, na dereva anajua pa kusimama.

Wakati wao wanatafakari, beji ikaisha muda. Programu ya simu inayoniletea abiria inajifunga yenyewe usiku wa manane tarehe ikifika, haina huruma wala simu ya kuipigia. Gari nimekodi, kwa hiyo kodi ya kila wiki inaendelea. Bima inaendelea. Watoto wanakula. Wiki 5! Na hapa ndipo paliponiuma zaidi: wangenikatalia, ningekuwa na siku 21 za kukata rufaa kwa mahakimu. Hawakukataa, na hawakukubali. Walikaa kimya. Kimya huwezi kukikatia rufaa. Mwisho nikaletewa beji pamoja na barua ya onyo iliyowekwa kwenye faili langu. Yaani wenyewe wamekubali kwamba nafaa kuendesha, na zile wiki 5 hakuna wa kunirudishia.

Najua kwa nini sheria ni kali. Yaliyofanyika Rotherham, watoto wa watu walivyoharibiwa na baadhi ya madereva wa teksi wakihusika, ripoti za 2014 na 2015 zimeyasema yote. Mtu aliyemgusa mtoto asipewe beji maisha yake yote. Anayeshika simu akiendesha, zile pointi 6 na pauni 200 ni halali yake. Naomba tu mtu aliyezidisha maili 7 na akasema mwenyewe asipitishwe kwenye mlango uleule na mtu aliyeficha.

Maana wanaoficha tunao, na hapa nawageukia ninyi wa kwenye magrupu ya WhatsApp. Wapo "wataalamu" wanaojazia watu fomu kwa pauni 50 na ushauri wao ni mmoja: weka hapana, hawataangalia. Wanaangalia! Mzee wetu mmoja kutoka Kongo, Kiingereza chake kidogo, alijaziwa hapana akiwa na pointi 6. Msimbo wa DVLA ukafunguliwa, pointi zikaonekana, beji ikafutwa. Kusema uongo kwa makusudi ili upate leseni ni kosa la jinai kwa sheria ya 1976, tena linajitegemea. Na mkimbilio wa kwenda kuomba beji kwenye halmashauri nyingine, Wolverhampton au kwingine, nao umebanwa: tangu 2023 halmashauri za Uingereza zinalazimika kuingiza waliofutiwa na waliokataliwa kwa sababu za usalama kwenye daftari la pamoja liitwalo NR3S, na kulitazama kabla ya kumpa mtu beji. Mzee sasa anapanga mizigo ghalani usiku, na miaka yake 61. Aliyemjazia bado yupo kwenye grupu anatangaza bei.

Kwa hiyo ukipata barua ya kamera leo, usingoje mpaka ulipe. Waandikie halmashauri kwa baruapepe siku hiyohiyo: namba ya beji, tarehe, mahali, mwendo. Hifadhi nakala ya jibu. Kama hawajibu, hifadhi ile uliyotuma.

Diwani wa kata yangu anaonana na wananchi Jumamosi hii na nimeshaandikisha jina. Wenye beji wa Leicester, Birmingham, Coventry, Manchester na kwingineko, naomba mbandike hapa maneno kamili ya swali la makosa kwenye fomu zenu na muda mliopewa wa kutaarifu. Nataka niende na karatasi mkononi.