Matumbawe mapya: kugandisha moja kwa moja, kuanzia mchangani, au rafu ya sumaku?

Nahodha_Muscat
Wakuu, salaam. Nina tangi la lita 300, urefu sentimita 120, taa mbili za LED, na pampu mbili za mkondo zinazotazamana. Chumvi 35 kwa elfu, joto 26, alkalini inacheza kwenye 8.5 kwa kipimo cha dKH. Kwa sasa ni samaki tu na mawe. Kuna jamaa anafunga tangi lake, ananiachia matumbawe yake: Euphyllia ya vichwa vitatu, Fungia moja, Montipora ya sahani, vipande viwili vya Acropora na jiwe la zoa (jamaa laini wa matumbawe, hutambaa juu ya jiwe).

Nimesoma mpaka kichwa kinauma. Huyu anasema gandisha siku ya kwanza usiguse tena. Yule anasema laza yote mchangani, kisha uyapandishe kidogo kidogo. Mwingine anasema nunua rafu ya sumaku ya kuwekea vipande, ibandike kiooni. Nyie mnafuata ipi? Tafadhali msinijibu "inategemea" halafu mkaondoka.

FundiMatangi
Inategemea, mkuu. Ila siondoki.

Kabla ya rafu na gundi, muulize huyo jamaa yalikaa chini ya mwanga kiasi gani, na kama ana kipimo cha PAR (kiasi cha mwanga ambao vimwani huweza kuutumia) akupe namba. Tumbawe linaishi kwa chakula cha vimwani vilivyomo ndani ya nyama yake, na wingi wa vimwani hivyo umejipanga kulingana na mwanga liliouzoea. Likipata mwanga mkali ghafla, vinazalisha oksijeni kupita kiasi, ile oksijeni inageuka sumu kwenye nyama, tumbawe linavitapika na kubaki jeupe. Mwanga ukiwa mdogo linakuwa kahawia tu, na una muda mrefu wa kurekebisha. Kwa hiyo ukikosea, kosea upande wa giza.

Ndiyo maana mimi ni mtu wa mchangani. Chini ya tangi lenye kina cha kawaida unapata PAR ya 50 hadi 100 bila kugusa taa, na Euphyllia haitakulalamikia hapo. Kasoro ni kwamba pampu zinarusha mchanga juu ya nyama, na konokono wakubwa wa Turbo hupindua kila kisichoshikiliwa.

Shangazi_Kibokoni
Mie sikubaliani na Fundi, na nimemwambia hapa mara nyingi.

Kila ukihamisha tumbawe umelibadilishia mwanga, mkondo na majirani kwa mpigo. Acropora na Montipora hutandaza nyama kwenye jiwe ili zishike mwamba. Ukiling'oa ile nyama inachanika, linaanza upya. Sasa wewe utalipandisha ngazi tatu, utalichana mara tatu? Gandisha pale unapotaka lije likae, halafu uchezee taa. LED nyingi za matangi siku hizi zinapunguzwa. Shusha mpaka nusu ya ulichokusudia, kisha ongeza asilimia 5 kila wiki ukilitazama rangi. Likianza kupauka, rudi nyuma. Taa haina nyama ya kuchanika.

FundiMatangi
Shangazi, hiyo inafanya kazi kwa tangi tupu. Mwenye matumbawe ya zamani akishusha taa nusu anayaadhibu yaliyokwisha kuzoea kwa ajili ya mgeni mmoja.

Shangazi_Kibokoni
Kwani Nahodha ana ya zamani? Soma vizuri alivyoandika.

FundiMatangi
Haya, hapo umenishinda. Kwa tangi lake, sawa.

kijana_wa_nyali
Samahani kwa swali la mgeni. Huku kwetu maji ya bamvua yakikupwa, matumbawe yanabaki juani kabisa na hayafi. Kwa nini ya kwenye tangi ni mayai hivyo? Na kwa nini watu wanunue wakati mwamba uko pale?

Shangazi_Kibokoni
Mwanangu, yale unayoyaona juu ya mwamba, Porites na wenzake, yamekulia pale pale na jua lile lile. Chukua la aina ile ile lililokulia mita ishirini chini, ulilete juu ghafla, utaona litakavyopauka. Na hata hayo ya juu yana kikomo. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ilikuwa nyeupe, na mengi hayakurudi.

Kuhusu kuchukua: usijaribu. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hayavuki mpaka bila kibali. Hifadhi za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, na ndani yake hairuhusiwi kutoa hata ganda. Nahodha anachukua vipande vilivyokuzwa tangini, na hiyo ndiyo njia. Tena hivyo vimeshazoea maisha ya kioo.

reefu_Minnesota
Nachelewa kwa sababu ya saa za huku. Naona mnagombania mwanga tu. Kwangu mimi mahali huamuliwa kwanza na majirani, halafu mkondo, mwanga wa tatu. Mwanga unaweza kuurekebisha kwa simu. Vita huwezi.

Euphyllia mchana ni ua la kupendeza. Usiku hutoa minyiri mirefu ya kushambulia, na minyiri hiyo huelea kule mkondo unakoelekea. Kwa hiyo usipime nafasi kwa rula pande zote sawasawa. Angalia pampu inasukumia wapi, na upande huo acha sentimita 15 au zaidi, upande wa pili hata pungufu si neno. Ukija kushawishiwa kununua Galaxea, zidisha mara mbili, ile ina mikono mirefu kuliko sura yake.

Fungia isikanyage jiwe. Kwa asili inakaa mchangani bila kushikamana na kitu, inajijaza maji na kusogea yenyewe taratibu, na asubuhi unaweza kuikuta si pale ulipoiacha. Ukiiweka juu ya mwamba itasogea mpaka idondoke, na ikisuguana na jiwe nyama inachanika kwenye zile pembe kali za mfupa. Kwa hiyo kwa Fungia mjadala wa njia tatu haupo, ni mchangani maisha yake yote.

Mkondo sasa. Kwa Acropora unataka maji ya vurugu, polipu (vile vimdomo vyake vyenye minyiri midogo) zipepee huku na huku. Ukiona zimelala upande mmoja muda wote, pampu inalipiga moja kwa moja, igeuze. Euphyllia inataka mpepeo wa polepole. Nyama ikiwa imejikunja mpaka unaona kingo za mfupa, mkondo umezidi.

Nahodha_Muscat
Shukran sana. Na rafu je? Hakuna aliyeitetea.

reefu_Minnesota
Naitetea mimi, kwa Acropora tu. Ibandike upande wa kioo, katikati ya kina, mbali na kiini cha taa, na vipande vikae hapo wiki kadhaa. Unaona kama vina wadudu kabla hujavigandisha kwenye jiwe ambalo hutaweza kulitoa. Ukivipandisha, unasogeza sumaku, kipande chenyewe hukigusi, kwa hiyo hata Shangazi hana hoja. PAR ya 100 na kitu mwanzoni, mwisho wa safari 250 hadi 300. Montipora ya sahani ipate nafasi yake ya kudumu tangu mwanzo, kati ya hapo.

Shangazi_Kibokoni
Hoja ninayo. Rafu ni mbaya kutazama. Lakini kwa wadudu umesema kweli.

FundiMatangi
Gundi: tumia ile nzito ya jeli, si ya maji. Futa kwa tishu kitako cha kauri kilichobeba kipande, weka jeli, bonge la epoksi ya kufinyanga, jeli tena, kisha bonyeza ukizungusha kwenye kitundu cha mwamba. Pampu zizimwe dakika chache. Skima (kile chombo cha kutoa uchafu kwa povu) itatapika povu siku hiyo kwa sababu ya epoksi, usishtuke.

Na jiwe la zoa lishike ukiwa na glavu na miwani. Baadhi yana palitoksini, sumu kali sana. Usilichemshe, usilisugue kwa maji ya moto, mvuke wake umewapeleka watu hospitali. Liweke kwenye jiwe la peke yake mchangani, likitambaa litambae hapo hapo.

Nahodha_Muscat
Basi naanza hivi: taa nusu. Fungia mchangani upande wa kushoto, jiwe la zoa kulia. Euphyllia kwenye jiwe la chini, nyuma yake kioo ili minyiri isipate wa kumuuma. Acropora kwenye rafu. Montipora nigandishe juu kabisa katikati, nafasi ya Acropora iwe chini yake.

reefu_Minnesota
Hiyo ya mwisho geuza. Montipora ya sahani hutanuka kwa upana na kutupa kivuli, baada ya muda Acropora itakuwa gizani. Acropora juu, Montipora pembeni na chini kidogo, sahani yake ielekee upande usio na kitu.

Nahodha_Muscat
Nimegeuza. Rafu nimeagiza, Shangazi atanisamehe kwa sura yake.

Shangazi_Kibokoni
Nimekusamehe. Tuletee namba za PAR ukipata.