Naombeni ushauri: ndege wa Mida Creek, weupe wao unaungua, na picha haziko shapu

Mwana_Watamu
Habari zenu wadau. Napiga picha ndege wa matopeni pale Mida Creek, hori la mikoko hapa Watamu, hasa Dromas ardeola, yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Lenzi ni 150-600 mm, napiga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Kifua chake kinaungua, hakuonekani hata unyoya, na nikipunguza mwanga mgongo unakuwa lami tupu. Halafu hata spidi ya shata ikiwa sekunde 1/2000 jicho la ndege halitoki shapu. Nikiongeza ukali kwenye kompyuta ndiyo kwanza picha inajaa chenga, vile vidoti vya punjepunje. Nikiwasogelea, wanaruka. Nifanyeje?

Mpiga_Kasia
Unapiga saa ngapi, ndugu? Na ndege wako umbali gani?

Mwana_Watamu
Saa nne hadi saa saba mchana, maji yakiwa yamekupwa. Wako mbali, nakata picha mpaka inabaki robo.

Mpiga_Kasia
Basi la jicho si la kamera. Saa hizo tope limeshika moto, hewa juu yake inachezacheza, na ndege akiwa mbali unapiga kupitia hewa hiyo yote. Hakuna programu ya kurekebisha hilo.

Fuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu hujaa mnamo saa kumi jioni, na ndani ya hori huchelewa kidogo. Fika saa nane, kaa chini kabisa ukingoni, jua likiwa mgongoni, usisogee. Maji yanavyolifunika tope, ndege wanasogezwa upande wako wenyewe. Lenzi iwe chini, usawa wa jicho la ndege, na nyuma yake kutalainika. Ila angalia njia ya kutokea kabla hujakaa, maana maji hupita vijito vya mikoko yakakuzunguka.

Bi_Shamsa
Mimi niseme la weupe. Kamera inapima tope jeusi, inadhani pana giza, inaongeza mwanga. Punguza mwenyewe kwenye fidia ya mwanga (exposure compensation) kati ya -0.7 na -1.3, histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, isigonge ukuta wa kulia. Mgongo mweusi RAW itakurudishia. Weupe ulioungua haurudi.

Kwenye programu ya kuhariri picha kama Lightroom, au Darktable ambayo ni ya bure, shusha kwanza sehemu zenye mwanga mkali, inua vivuli kidogo, ondoa chenga, ndipo uweke ukali. Ukali huo upake kwa maski (sehemu unayoichagua) juu ya ndege tu, maji na tope viache. Na tafadhali usiinue vivuli mpaka mgongo uwe wa kijivu. Mgongo wa ndege huyu ni mweusi kweli.

Mzee_wa_Mkondo
Mwanangu, la kuwasogelea liache kabisa. Machi na Aprili vitwitwi, ndege wadogo wa matopeni, wanajaza mafuta ya safari, wengine wanakwenda kuzaliana Siberia. Kila ukiwarusha unawapunguzia akiba. Ukiona wameacha kula na shingo zimesimama, ganda hapo hapo.

Mwana_Watamu
Shukrani sana, mzee wangu, na nyote. Maji mafu je, mwezi ukiwa nusu na maji hayajai sana, nisiende?

Mpiga_Kasia
Nenda, ila asubuhi. Maji mafu hupanda tangu alfajiri yakajaa mnamo saa nne. Uwe umeshakaa saa kumi na mbili na nusu, tope bado baridi. Hawatakuja karibu kama wakati wa bamvua, kwa hiyo piga kundi zima na mikoko nyuma, usilazimishe sura ya ndege mmoja.