Kila kitu nakiona kwa ubaya, mtu mzima anaweza kubadilika kweli?

Upepo_wa_Kusi:
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo yenu maana nimefika mahali najichoka mwenyewe. Mimi jambo kabla halijaanza nishaona litakavyoharibika. Juzi kazini bosi kasoma ripoti yangu akasema nzuri, ila ukurasa wa nne jumla ya jedwali imekosewa, karekebishe. Basi, hakuna kingine. Usiku mzima nimelala na lile jedwali, hilo neno "nzuri" hata sikulikumbuka mpaka mke wangu aliponiuliza "kwani alisema nini kingine?" ndo nikashtuka. Na mwanangu wa miaka 8 naona kaanza, akipewa hesabu hata hajaisoma anasema "hii siiwezi". Hapo ndo paliponiuma maana najua kaitoa wapi. Watu wananiambia fikiria chanya, nimejaribu, asubuhi nasimama mbele ya kioo najiambia mimi ni mshindi, nikitoka hapo najisikia vibaya kuliko nilivyoingia. Nina miaka 41, kuna kubadilika hapa au ndo nilivyoumbwa?

Daftari_Jeusi:
Pole sana mkuu. Kioo achana nacho na wala usijilaumu. Mwaka 2009 Joanne Wood wa chuo kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake waliwapa watu sentensi ya kujisifia wairudierudie, wale waliokuwa wanajithamini tangu mwanzo wakapata nafuu kidogo, wale wanaojiona si kitu wakazidi kushuka. Ni kwamba ukijiambia kitu moyo haukiamini, moyo unakujibu hapo hapo.

Mimi kilichonishika ni zoezi la Martin Seligman, yule mwanasaikolojia wa Marekani. Kila usiku unaandika mambo matatu yaliyoenda vizuri siku hiyo, na mbele ya kila moja unaandika KWA NINI limeenda vizuri. Yeye na wenzake walilipima, wakatoa matokeo 2005, watu walifanya wiki moja tu na miezi sita baadae bado walikuwa na nafuu, hasa wale walioendelea wenyewe bila kuambiwa. Usiku wa kwanza nilikaa na kalamu dakika ishirini sina cha kuandika, mwisho nikaandika "mvua haikunikuta njiani, kwa nini: niliondoka mapema". Nikaona aibu kuandika kitu kidogo hivyo. Ila kesho yake mchana nikajikuta natafuta cha kuandika usiku, yani macho yenyewe yameanza kutafuta, na hiyo ndo kazi ya lile daftari. Usiruke hiyo kwa nini, ukiiruka inabaki orodha tu.

Mama_Pacha:
Kaka yangu mimi nakuomba usikilize unavyojieleza jambo baya likitokea. Huyo huyo Seligman alikaa miaka mingi kwenye hili, wenye kukata tamaa wakipatwa na baya wanalieleza kwa namna tatu: litakuwa hivi siku zote, limeharibu kila kitu, na kosa ni langu mimi. Chukua jedwali lako. Ulichojiambia usiku nina hakika ni "mimi sijui kazi". Ukweli ni jumla moja, ukurasa mmoja, siku moja. Sikwambii ujidanganye kwamba hukukosea, ulikosea, ila kosa liache na ukubwa wake ule ule.

Kwa mtoto anza leo usingoje wewe upone kwanza. Akisema siiwezi usimwambie "unaweza bwana, wewe una akili", hiyo ndo kioo chako kile kile. Muulize ni mstari gani umekushinda. Wangu mmoja alikuwa hivyo, alinionyesha kwa kidole, kumbe alikuwa hajaelewa neno moja tu la swali, hesabu yenyewe anaiweza.

Taa_ya_Ukumbini:
Wote mmesema vizuri ila mimi naogopa kitu kimoja. Mkuu unakula? Unalala? Vitu ulivyokuwa unavipenda bado unavipenda? Mimi mwaka mzima nilijua nina mtazamo mbovu, najilazimisha kuwa mchangamfu, kumbe ni sonona, na sonona ni ugonjwa una matibabu yake. Ikiwa huzuni au kukosa hamu inakushika karibu siku nzima, karibu kila siku, na wiki mbili zimepita, nenda kamuone daktari, daftari litakuja baadae. Na kama kuna siku umewaza ni bora usingekuwepo, mwambie mkeo leo hii usingoje hizo wiki mbili.

Upepo_wa_Kusi:
Asanteni sana jamani, sikutegemea. @Taa_ya_Ukumbini nakula na nalala, ni lile jedwali tu lilininyima usingizi, na huko ulikokutaja sijawahi kufika, ila nimemsomesha mke wangu ujumbe wako nae awe ananiangalia. Jana usiku nimeandika mawili, la tatu nimelikosa nikalala. Mtoto nimemuuliza mstari gani, kakaa kimya muda mrefu halafu akaanza kuusoma kwa sauti. Swali moja @Daftari_Jeusi, hiyo kwa nini lazima iwe kitu nilichofanya mimi?

Daftari_Jeusi:
Hapana mkuu. Hata "kwa nini: mke wangu aliniuliza" inatosha, na hilo ndo la tatu lako la jana.