Nimekatwa 50,000 kwa kusogeza kamba za hanesi! Hawa wakodishaji wa mbao wanatuona mazuzu?

Wakuu, nimetoka baharini na hasira, hata chai haishuki.

Leo kusi imevuma vizuri tangu asubuhi, nikaenda kukodi ubao wa windsafu (ule unaosimama juu yake, tanga linakuendesha) kwa jamaa fulani pwani ya mashariki ya Unguja. Jina nawasitiri, wakipita hapa watajijua. Nikapewa tanga la mita za mraba 5.5, nikaacha dhamana 50,000.

Kwa msioujua mchezo: lile bomba la kushikia tanga linaitwa bumu (siyo bumu jahazi la Waarabu, tulieni). Kila upande wa bumu kuna kamba inaning'inia kama mpini wa ndoo. Unaipachika kwenye kulabu ya hanesi uliyojifunga kiunoni, uzito wa mwili ndio unashikilia tanga, mikono inapumzika. Kazi yake ndiyo hiyo tu. Mikono ipumzike!

Sasa mimi dakika kumi tu, kigasha cha mkono wa nyuma kimekuwa jiwe. Nikilegeza kidogo tanga linafunguka, upepo unatoka, nakalia maji. Nikageuza kurudi, upande wa pili ndiyo balaa kabisa: huko mkono wa mbele ndio unavutwa, tanga linajifunga lenyewe. Ukaja upepo wa ghafla nikiwa bado nimenasa kwenye kulabu, nikarushwa mbele ya ubao, mimi na tanga langu. Bahati maji yalikuwa yamejaa, yangekuwa yametoka saa hizi ningekuwa nachomolewa miba ya urumba.

Nikatoka, nikapima kwa shubiri kutoka mlingotini mpaka kamba ilipofungwa kwenye bumu. Kamba ya kulia: shubiri mbili na vidole vitatu. Ya kushoto: shubiri tatu kasorobo. Tanga moja, bumu moja, pande mbili hazifanani! Ya kulia iko mbele mno, ndiyo maana mkono wa nyuma uliungua. Ya kushoto iko nyuma mno, ndiyo iliyonirusha.

Nikasimamisha tanga mchangani, nikalishika kwa mkono mmoja, nikawa nautelezesha mkono kwenye bumu mpaka nikapata pale ambapo tanga halifunguki wala halijifungi. Hapo ndipo katikati ya kamba panapokaa, kama theluthi ya bumu hivi, ncha mbili za kamba zikiachana upana wa ngumi. Nikafungua velkro (ule mkanda wa kunata, unaobandika na kubandua) inayoshika kamba, nikasogeza, nikapima pande zote zilingane. Dakika tano.

Akaja kijana wao mbio. "Braza, nani kakuruhusu kugusa vifaa? Hizo kamba kaziseti fundi." Namweleza habari ya mkono, ananijibu eti sina mazoezi, nikanyanyue vyuma kwanza!

Fundi gani huyo? Tanga lenyewe hakulikaza kamba ya chini (ile inayolivuta kuelekea mguu wa mlingoti), lina tumbo kama limemeza boga. Upepo ukizidi tumbo linahamia nyuma, na mvuto unahama nalo, kwa hiyo hata kamba uziweke wapi hazitakaa sawa. Ukibadilisha tanga kubwa kwa dogo, kamba zinasogezwa. Upepo ukipanda, zinarudishwa nyuma kidogo, sentimita mbili tatu. Mvuvi wa ngalawa anarekebisha kamba zake kutwa nzima, sijaona akiomba kibali kwa mtu.

Narudisha ubao, naambiwa dhamana hairudi: "uharibifu wa vifaa". Nikamwambia nionyeshe palipoharibika. Akaonyesha kamba. Nikauliza, imekatika? Hapana. Imechanika? Hapana. "Imehama." Velkro wakuu! Imewekwa velkro ili ihame!

Na risiti hawakunipa.

Kuna mwingine humu yaliyomkuta haya? Na mwenye kujua pa kuwapeleka aseme, kesho asubuhi niko hapo mlangoni kwao. Nachapa uzi huu kwa mkono mmoja, wa pili hata kufungua chupa ya maji umegoma.