Mrejesho: Massey Ferguson 35 iliyokwama sasa inazunguka

Asanteni sana ndugu zangu. Niliuliza kuhusu trekta langu, Massey Ferguson 35 ya dizeli, silinda tatu, iliyosimama Njoro miaka mingi ekzosi ikiwa wazi, injini imekwama kabisa.

Mvua ndiyo iliyoharibu. Hedi (kifuniko cha juu cha injini) ilipotolewa, silinda mbili zilikuwa safi. Ya tatu ilikuwa na kutu nyekundu ukutani, imeganda juu ya pistoni kama ukoko wa ugali. Kutu hiyo ni lazima ikwanguliwe kwanza kwa msasa, la sivyo pistoni ikipanda itakwama tena papo hapo.

Aliyeshauri asetoni na oili ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, alisema kweli. Kila silinda ilipata mililita 100, ikiongezwa kila jioni. Tikisa chupa kila unapomimina kwa sababu vitu hivi hujitenga upesi, na moto uwe mbali kabisa. Siku ya 6, niliweka wenzo kwenye meno ya flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini): kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka ikaachia. Stata usiiguse kabla ya hapo, na pistoni igongwe kwa gogo la mti tu, maana ni ya aluminiamu, nayo hupasuka.

Stadi za ekzosi (skrubu zinazoishikilia kwenye injini) zilitaka moto, baada ya asetoni kukauka yote: pasha nati, gusisha mshumaa, kaza kidogo ndipo ulegeze. Moja ilikatika, ikatolewa kwa kulehemea nati juu yake.

Oili ya injini imemwagwa, kwani mchanganyiko ule ulipita ringi (pete za pistoni) ukashuka chini. Zimebaki ringi mpya na gasketi ya hedi.