Kama hakuna dhahabu wala serikali nyuma yake, Bitcoin inapata wapi thamani?

fungu_la_nne:
Wakuu, nikiuliza thamani ya sarafu za kripto inatoka wapi napewa majibu matatu yanayogongana. Wa kwanza anasema ni umeme wa kuchimba, yaani wa mashine zinazoshindana kuandika miamala na kulipwa sarafu mpya. Wa pili, ni uchache, zipo milioni 21 tu. Wa tatu, ni imani. Kama ni umeme, mbona bei huanguka mashine zikiwa bado zinaunguruma? Kama ni uchache, naweza kunakili programu leo nikatoa milioni 21 zangu, nani atazinunua? Na kama ni imani tu, tokeni ya tapeli, yaani sarafu aliyojitungia, ina kasoro gani?

leja_wazi:
Nianze na umeme, maana hapo wengi hugeuza matokeo yakawa sababu. Gharama ndiyo inayoifuata bei. Kila baada ya bloku 2,016 (bloku ni fungu la miamala linaloongezwa kwenye leja, daftari la pamoja la mtandao), yaani kama wiki mbili, mtandao hupima bloku zimetoka kwa kasi gani. Zikitoka upesi kuliko wastani wa dakika 10, ugumu wa kuchimba, yaani kazi ya mashine kwa kila bloku, hupanda. Zikichelewa, hushuka. Kwa hiyo bei ikianguka, wenye umeme ghali huzima mashine, bloku huchelewa, ugumu hushuka, na waliobaki huchimba kwa gharama nafuu. Mwaka 2021 China ilipowafungia wachimbaji, ugumu ulishuka takriban asilimia 28 kwa mkupuo mmoja mwezi Julai, na Bitcoin iliendelea kutoka kama kawaida.

Kazi ya umeme ni kufanya historia ya miamala iwe ghali kuichezea. Anayetaka kufuta malipo yaliyokwisha kupata uthibitisho 6, yaani bloku sita kuanzia ile yenye malipo hayo, lazima achimbe upya bloku zote hizo huku akiwapita wachimbaji wengine wote. Hicho ni kitasa. Kitasa kizuri hakikipi thamani chumba kitupu.

hesabu_tupu:
Hilo la kunakili limeshajaribiwa. Agosti 2017 Bitcoin Cash ilijitenga na Bitcoin ikiwa na historia ileile na kikomo kilekile cha milioni 21. Kila aliyekuwa na sarafu alijikuta na kiasi kilekile upande wa pili. Bei yake hadi leo ni sehemu ndogo tu ya bei ya Bitcoin. Programu ilinakilika. Wanunuzi, masoko na wachimbaji walio wengi hawakuhama.

Uchache nao tusiuchukulie kama umeandikwa kwenye jiwe. Kwenye karatasi hesabu ni nyepesi: zawadi ya bloku, yaani sarafu mpya anazopewa mchimbaji, ilianza na sarafu 50 na hupungua nusu kila bloku 210,000. Awamu ya kwanza ikatoa milioni 10.5, ya pili milioni 5.25, na kuendelea, jumla haivuki milioni 21. Tangu Aprili 2024 zawadi ni 3.125. Lakini tarehe 15 Agosti 2010 hitilafu ya hesabu kwenye programu iliruhusu muamala mmoja uzalishe zaidi ya bitcoin bilioni 184! Marekebisho yalitoka ndani ya saa chache, waendesha nodi (kompyuta zinazokagua kila bloku) wakayaweka, na mnyororo wa bloku wenye bloku ile ukatupwa. Kikomo kinasimama kwa sababu nodi zinazoendeshwa na watu wasiojuana hukataa bloku inayokivunja. Pale ambapo mtu mmoja ana ufunguo wa kuzalisha tokeni mpya, hakuna uchache, kuna ahadi.

fungu_la_nne:
Sawa, kitasa nimekielewa na kikomo nimekielewa. Bado sijaona kinachomfanya mtu aitake.

leja_wazi:
Hapo ndipo penye swali lenyewe, na jibu si moja kwa sarafu zote. Fedha ya serikali ina mahitaji ya lazima: kodi na madeni hulipwa kwayo. Bitcoin haina hilo. Inatakiwa na anayetaka kutuma thamani bila kuomba ruhusa ya benki, na anayetaka akiba isiyoweza kuongezwa na mtoaji yeyote. Nyuma yao kuna kundi kubwa linalonunua likitarajia bei ipande. Kundi hili likiondoka bei huporomoka ingawa hakuna kilichobadilika ndani ya mtandao. Ndiyo maana Bitcoin ni dhaifu kama kipimo cha bei za bidhaa. El Salvador iliifanya fedha halali Septemba 2021, lakini Januari 2025 sheria ikarekebishwa na wafanyabiashara hawalazimiki tena kuipokea.

Ethereum, mtandao mwingine wa kripto, ina sababu ya ziada: ada ya muamala lazima ilipwe kwa ether, sarafu yake, na tangu Agosti 2021 sehemu ya ada hiyo huteketezwa, yaani huondolewa moja kwa moja. Matumizi yakiongezeka, mahitaji yanaonekana kwenye leja yenyewe.

bwawa_kavu:
Kwenye tokeni za tapeli, acheni kutazama "thamani ya soko". Hiyo ni bei ya mwisho mara idadi ya tokeni, wala si fedha iliyomo. Tuseme zipo tokeni bilioni 1, na bwawa la ukwasi, yaani akiba ambayo watu hununua na kuuza tokeni kupitia kwayo, lina tokeni 1,000,000 na dola 10,000. Bei ni dola 0.01, kwa hiyo tangazo litapiga kelele: dola milioni 10!

Mabwawa mengi hufuata kanuni kwamba tokeni mara dola zibaki palepale, hapa bilioni 10. Mtu akiuza tokeni 1,000,000, ambazo ni asilimia 0.1 tu ya zote, bwawa linakuwa na tokeni 2,000,000 na dola 5,000. Ameondoka na 5,000, na bei imekuwa 0.0025. Robo tatu imeyeyuka kwa muuzaji mmoja.

Fungua kivinjari cha leja, tovuti inayoonyesha miamala yote, kabla ya kununua. Tazama pochi kubwa zimeshika asilimia ngapi, kama mkataba, yaani programu inayoendesha tokeni, unaruhusu kuzalisha tokeni zaidi, na kama ukwasi umefungwa au mwenyewe anaweza kuuchota usiku. Kisha uza kiasi kidogo kwanza. Kuna mikataba inayokubali kununua na kukataa kuuza, na bei yake kwenye chati hupanda tu.

hesabu_tupu:
Ongeza ada ya bwawa, mara nyingi asilimia 0.3. Huyo muuzaji atapata pungufu kidogo ya 5,000.